Aliyeondoka Bila Kuleta Mwenzake

Nyumba yetu ya Langoni ina rafu ya mbao ukumbini juu, na kwenye rafu hiyo nimepanga vikombe vya kahawa alivyoniachia mama yangu. Kila siku baada ya Alasiri vikombe hivyo vilikuwa vikitetemeka. Vilianza vile vyembamba vya mwisho, kisha vikafuata vyote. Nilijifunza kuvishusha. Nikimaliza kuswali navitoa kimoja kimoja, naviweka juu ya mkeka, nafunika leso, ndipo naendelea na kazi zangu. Chini yetu, katika karakana ya mume wangu, bendi ilikuwa imeanza.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Asubuhi alitengeneza madirisha, vitanda na nanga. Alasiri alisukuma mitungi ya gesi pembeni, akakaa nyuma ya ngoma zake, na wenzake wakaingia na magita. Muziki wao, ule wa Kizungu wa kunguruma, wenyewe waliuita metali. Langoni nzima iliuita mabati.

Niseme kweli tangu mwanzo. Sikuupenda muziki ule. Nilikaa juu yake nusu ya maisha yangu na sikuupenda. Mimi ni mtu wa kasida, na taarabu kidogo siku za harusi. Mume wangu alijua. Alikuwa akipanda ngazi jasho linamtoka, ananiuliza, "Leo vipi?" Nami namjibu, "Leo mumemaliza mapema, alhamdulillahi." Anacheka, anakunywa maji, hamkasirikii mtu.

Walianza wakiwa vijana, hawajaoa. Kaseti moja iliyosahauliwa na mgeni katika nyumba ya kulala wageni ndiyo iliyowaharibu, kama alivyokuwa akisema mama mkwe wangu. Ngoma za kwanza mume wangu alizitengeneza mwenyewe kwa mapipa aliyoyakata na ngozi za mbuzi wa Idi. Toazi lilikuwa kifuniko cha pipa, alichokifua mpaka kikakubali kulia. Baadaye walinunua ngoma za dukani kutoka Mombasa, lakini kifuniko kile hakukiacha. Alisema chuma cha dukani hakina hasira.

Mara ya kwanza walipopiga, jirani yetu mmoja alituma mtoto na kikombe cha tangawizi na asali. Aliambiwa kuna mtu anaumwa koo vibaya kwa yule fundi. Kumbe alikuwa mwimbaji.

Lakini walikuwa na adabu zao, na ndizo zilizowafanya majirani wawavumilie. Ijumaa hawapigi. Ramadhani hawapigi. Adhana ikianza, hata wawe katikati ya wimbo, hukata papo hapo, na katika kimya kinachofuata masikio hulia filimbi. Akifa mtu mtaani hawapigi mpaka arobaini yake ipite, awe tajiri au awe hana kitu. Iko miaka bendi ile ilinyamaza zaidi ya ilivyopiga.

Na walikuwa na desturi moja ambayo sijaisikia kwa watu wengine. Ilianza kwa mpiga gita la besi wa kwanza. Alioa Kipungani, na baba mkwe akamwambia binti hatoki, mume ndiye atakayehamia. Yule kijana aliona haya kuwaambia wenzake kwamba anaondoka. Basi akaja siku ya mwisho amemshika mkono kijana mwingine, na mkono wa pili ana sahani ya halua na birika la kahawa. Akasema, "Huyu ndiye mimi." Huyo kijana alikuwa hajawahi kushika gita. Lakini walikuwa wamekwisha kula, na halua ikishaliwa hairudishwi. Ikabidi wamfundishe.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kanuni: atokaye humleta wa kukaa pahali pake, kwa mkono wake, na halua yake. Wenzake hawana ruhusa ya kuchagua wala kukataa.

Kwa kanuni hiyo nimewaona wengi wakipita katika karakana yetu. Mwimbaji wa kwanza, yule wa tangawizi, aliombwa na watu wa msikiti mmoja awe muadhini, kwa sababu sauti yake ilikuwa ikifika ng'ambo bila spika. Alikubali, na siku ya kuaga akaja amemshika mkono mshonaji wa kanzu, ambaye alikuwa mpiga gita wa bendi hiyohiyo.

"Huyu tunaye," mume wangu akamwambia.

"Munaye mikono," akasema. "Nimewaletea koo lake."

Wakala halua. Mshonaji akawa anapiga na kuimba, na bado ndiye mwimbaji hadi leo. Ukimwona mchana dukani kwake, anapima mabega ya wazee kwa utepe na kuzungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliye msikitini, huwezi kuamini ndiye yuleyule anayenguruma baada ya Alasiri wimbo wa punda aliyekataa kupita ndia ya nyuma, ile njia ya vichochoroni.

Mpiga gita wa pili alikwenda Uarabuni kuendesha gari, akaleta muuguzi. Muuguzi akahamishiwa Faza, akaleta mwalimu. Mwalimu akahamishwa kabla hajazijua nyimbo zote, akaleta karani. Mume wangu akasema mtumishi wa serikali ni kama kiti cha kuazima, usimzoee. Aliyefuata karani alikuwa muuza samli, na huyo amedumu. Besi nayo ilipita mikono mingi. Kila aliyeondoka alibaki mtu wetu. Siku za Maulidi walijaa barazani kwetu wale wa zamani na wale wa sasa, na mimi nikipika sikujua kama napikia bendi moja au nne.

Mume wangu peke yake hakuwahi kutoka. Alikuwa akisema, "Mimi nitoke niende wapi, na ngoma ziko kwangu?"

Alifariki siku ya kawaida, baada ya kuswali, akiwa amekaa kitako juu ya msala. Moyo. Hakuugua na hakuaga. Nilimwita kwa chai, hakuitika.

Sikwenda makaburini, wanawake hatwendi. Lakini wifi yangu, dada yake mume wangu, alipanda juu darini akaangalia jeneza likitoka, akaja kunihadithia. Wifi yangu ana ulimi mkali, lakini siku hiyo alizungumza polepole. Alisema waliolibeba walikuwa watu wa bendi, wote, hata wa Kipungani na wa Faza. Kila hatua chache mmoja alitoka chini ya jeneza na mwingine akaingia, na halikutikisika. "Unajua wale wamezoea kupokezana," akaniambia.

Kisha nikaingia eda. Nilivaa nguo zangu nyeupe, nikaacha manukato na hina, nikakaa ndani. Wanawake walikuja, wakasoma, wakaleta vyakula. Wengi waliniambia maneno ya kunifariji, na mengine yalifanana. "Angalau sasa umepumzika na zile kelele." Nilinyamaza, kwa sababu sikutaka kuwajibu vibaya waliokuja kwa wema. Lakini sikupumzika. Kila baada ya Alasiri mikono yangu ilikwenda kwenye rafu yenyewe. Nikishusha kikombe kimoja, nakumbuka, nakirudisha.

Nilijua hawatapiga kwa arobaini. Arobaini ikapita. Nikasema wananisubiri nimalize eda, na hiyo ni heshima. Lakini hata salamu haikuja. Wake zao walikuja, wakakaa na mimi, wakazungumza habari za bei ya unga na harusi za watu, na bendi hawakuitaja hata kidogo. Nikaona basi, imekwisha. Watu waliokula kwangu miaka yote ile wamekwenda zao, kama mtu anayefunga duka. Hilo lilinichoma, na nilikuwa nalo peke yangu.

Eda ikaisha. Siku ya kwanza nilipotoka kwenda dukani nilipita mbele ya duka la mshonaji. Alikuwa nje anapiga pasi. Aliponiona akainua kichwa, kama mtu anayengoja kuambiwa kitu.

"Shemeji, wa salama?"

"Salama," nikasema, nikapita.

Nilipogeuka kona nilimwona bado ananitazama na pasi iko mkononi. Nikasema moyoni, anaona haya, na haki yake aone.

Nilifika nyumbani nikamwambia wifi yangu, "Watumie salamu wale watu. Waje waondoe ngoma zao. Nitapangisha karakana."

"Ngoma si za ndugu yangu?"

"Nitazipigia nini?"

Wifi yangu alinitazama, akavaa buibui lake, akaenda. Alirudi akasema salamu zimefika, na mshonaji hakujibu kitu ila "Haya, Bi." Usiku ule nilikaa ukumbini nikitazama vikombe. Nilikuwa nataka wakatae.

Asubuhi wakaja na punda wawili.

Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango wa dakani, pale kiingilioni. Mlango wetu ni wa kale, una upenyo kati ya mbao, kila neno la nje hupita. Wifi yangu alitoka akasimama kizingitini, mikono kiunoni. Walikuwa mshonaji na mpiga besi wa sasa, mtu mfupi mwenye mchezo mwingi, lakini siku hiyo hakuwa na mchezo.

"Punda wa nini hawa?" wifi yangu akauliza.

"Wa ngoma, Bi," akasema mshonaji. "Tumeambiwa tuziondoe."

"Miezi yote hii ndia ya nyumba hii mulikuwa hamuijui. Leo mumeijua, na punda wenu mumewaonyesha."

"Ndia twaijua. Tulikuwa twangoja neno."

"Neno la nani?"

"La shemeji."

"Neno gani?"

Yule wa besi ndiye aliyesema. "La mrithi, Bi. Atokaye humleta wa kukaa pahali pake. Marehemu hakuleta. Tukakaa, tukaulizana, ni nani mwenye haki ya kumletea? Si mimi, si huyu. Tukaona ni mwenye nyumba yake. Na mwenye nyumba yumo eda. Twende tukagonge mlango wa mke mwenye msiba, tumwambie nini? Tutafutie mpiga ngoma?"

"Na eda ilipokwisha?"

"Tukasema sasa atatuma neno."

"Akatuma muondoe ngoma."

"Ndilo hilo neno. Tukajua hana mrithi. Bendi imekwisha."

"Na wake zenu, waliokuja wakakaa humu?"

"Tuliwakataza wasimtaje. Tuliona tutamlazimisha."

Wifi yangu alivuta pumzi. "Watu wazima," akasema. "Na ndevu zenu."

Nyuma ya mlango nilisikia yote. Nilikaa juu ya sanduku la viatu. Miezi yote ile wao wamekaa upande mmoja wa ukuta, mimi upande wa pili, kila mtu amemstahi mwenzake mpaka nusura tuue kitu ambacho hakuna kati yetu aliyetaka kife.

"Shemeji," nikasema kwa ndani.

"Naam," akaitika haraka. Hakujua nipo.

"Mulikuwa mwaningoja mimi?"

"Twakungoja wewe."

"Nami nilikuwa nawangoja nyinyi."

Punda mmoja akalia, akalia mpaka akachoka, na sote tukamngoja amalize.

"Shemeji," mshonaji akasema, "ukisema basi, ni basi. Hatutasema kitu. Nyumba ni yako."

"Mimi sijapata kuupenda muziki wenu."

"Twajua. Marehemu alitwambia."

"Alisemaje?"

"Alisema Langoni wako wanaotusifu kwa kutuonea haya, na wanaotutukana kwa kutuonea choyo. Mtu wa pekee anayesikiliza na kusema kweli ni mke wangu."

Nikasema, "Mimi sijui mpiga ngoma mzuri na mbaya."

"Hata aliyeleta mpiga besi wa pili hakujua," akasema yule wa besi. "Na jamaa mwenyewe hakujua kuwa gita lina nyuzi nne."

Wifi yangu akacheka, na mimi nikacheka. Nikasema, "Warudisheni punda."

Walipeleka habari, na wakajitokeza wawili. Waliambiwa waje siku moja, baada ya Alasiri, kila mmoja apige nyimbo na bendi, nami nisikilize kutoka juu. Nilinunua halua asubuhi, nikachemsha kahawa, nikaweka tangawizi. Ilikuwa mara ya kwanza kupika kahawa nyingi tangu msiba. Nilikaa ukumbini na wifi yangu, mlango wa ngazi wazi.

Wa kwanza alikuwa fundi wa umeme wa hapahapa Langoni. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba alikuwa na nyimbo za bendi kwenye simu yake na alijifunza kwa kuziiga, pigo kwa pigo, kwenye magodoro. Alipoanza, nilishika ukingo wa mkeka. Vikombe vilianza kutetemeka kwa mpango uleule, vile vyembamba kwanza.

Wifi yangu akaninong'oneza, "Ni yeye."

Wakafika wimbo wa punda. Mwisho wa wimbo ule kuna pigo moja kubwa, na kabla ya pigo hilo mume wangu alikuwa akichelewa kidogo, kitambo cha kupepesa jicho. Watu walidhani ni ufundi. Haukuwa ufundi. Alianguka ngazini akiweka dirisha la mtu, na tangu hapo bega lake la kulia lilipanda polepole. Mimi ndiye niliyekuwa nikilikanda kwa mafuta ya simsim.

Fundi wa umeme, mtu mzima wa afya, mabega yake yote mawili mazima, alifika pahali pale akachelewa.

Nililia. Wifi yangu alidhani nimefurahi. "Ni yeye kabisa," akasema tena.

"Ndiyo maana simtaki," nikamwambia.

Wa pili alikuwa mwendesha bodaboda wa Faza. Alikuja na boti ya asubuhi, na nguo zake zina vumbi la Pate, kisiwa chao. Alikaa, hata hakurekebisha kiti. Alianza kabla mshonaji hajahesabu. Alipiga kama mtu anayewahi abiria, akawatangulia wenzake, wakamkimbilia, akawangoja kidogo, akawatangulia tena. Pale pa kuchelewa hakuchelewa hata kidogo. Alipita moja kwa moja.

Mimi nilikuwa nimesahau kushusha vikombe. Kikombe kimoja kikatembea mpaka ukingoni, kikaanguka, kikavunjika.

"Huyu mwehu," wifi yangu akasema. "Kikombe cha mama yako."

Kiliniuma kile kikombe, sitasema hakikuniuma. Lakini nilijikuta nacheka, na kicheko chenyewe hakikutaka kukatika. Tangu msiba sikuwa nimecheka namna ile.

Nikampa wifi yangu sinia la halua na kahawa. "Mpelekee wa Faza. Mpe mkononi mwake."

Aliteremka. Nikasikia muziki wote umenyamaza chini, na kisha hatua za mshonaji zikaja mpaka chini ya ngazi.

"Shemeji, samahani," akasema. "Wa kwanza alikuwa bora."

"Najua."

"Hakukosea hata pahali pamoja."

"Alikuwa akipiga bega la marehemu, shemeji. Bega lile tumelizika. Huyu apige lake."

Miaka yote alisimama karibu na ngoma zile kuliko sisi sote, na nadhani alielewa haraka kuliko nilivyodhani. Nikamsikia akirudi karakanani, anasema kwa ile sauti yake ya dukani, "Haya, karibuni halua."

Wakala wote, na fundi wa umeme naye akala. Hakukasirika. Alisema kweli, yeye hajui kupiga ila vile alivyosikia. Sasa ndiye anayetengeneza spika zao zikiungua, na huungua mara nyingi, kwa sababu yule wa Faza hana breki.

Karakana haikupangishwa. Mitungi ya gesi tuliiuza kwa fundi mwingine, na nafasi ikawa kubwa. Juzi kijana wa Faza alinisalimia kutoka dakani, "Shikamoo, mama," akaniuliza kwa haya kama ni lazima mtu akioa atoke katika bendi. Nikamwambia si lazima, ila akitoka anajua la kufanya. Akasema ameshaanza kumwangalia mwenzake mmoja wa stendi ya bodaboda. Nikamuuliza kama huyo anajua ngoma. Akasema, "La, lakini anapenda halua."

Muziki wao bado siupendi. Lakini Alasiri ikiingia, nikishatoa salamu ya mwisho, navishusha vikombe kabla ya kukunja msala. Zamani nilikuwa na muda wa kukunja kwanza. Huyu hangoji.